Andiko la mradi linasema ujumbe wa simu, wazee wanasema jingine. Nifanyeje na ratiba?

MratibuWaZamu

Habari zenu wanajukwaa. Naomba msaada kwa waliowahi kusimamia miradi ya jamii, hasa waliojaribu kuchanganya fikra za usanifu (design thinking, yaani kuanza na mtu mwenye tatizo kabla ya kuchagua suluhisho) na usimamizi wa miradi tuliouzoea. Nitaeleza kwa kirefu, maana nikifupisha mtanijibu nisichouliza.

Ninaratibu kikundi cha watu wanane. Tatizo tulilolichukua ni wazee wenye presha wanaoacha dawa katikati. Wanapimwa, wanaandikiwa vidonge, wanakunywa mwezi mmoja au miwili, kisha hawaonekani tena kliniki mpaka siku wanapoletwa wamepooza upande mmoja. Mama yangu mzazi alikuwa mmoja wao. Mimi ndiye binti niliyekuwa nikimpigia kila asubuhi kumkumbusha, naye kila asubuhi akinijibu kwamba ameshakunywa. Baada ya kiharusi nilikuta vidonge vya miezi mitatu kwenye droo, vimepangwa vizuri, havijaguswa.

Andiko la mradi tuliliandika kwa siku nne, siku ya mwisho ya maombi ikiwa inatukimbiza. Tukaandika kwamba wazee wanasahau, hivyo tutawatumia wazee 300 ujumbe wa simu kila asubuhi. Mfadhili akakubali. Tukapewa miezi kumi na jedwali la kazi: mwezi wa kwanza kununua mfumo wa kutuma ujumbe, wa pili kuandikisha namba, mwishoni mwa mwezi wa nne wazee wote 300 wawe wanapokea.

Kabla ya kuanza, nilihudhuria mafunzo ya fikra za usanifu. Mnazijua zile hatua tano: kumwelewa mtu, kulifafanua tatizo, kubuni mawazo, kutengeneza mfano wa majaribio, kuujaribu. Niliporudi nikawaomba wenzangu tufanye hatua ya kwanza tu, wiki mbili, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekaa na mzee nyumbani kwake. Tukaenda kwa wazee 14. Hatukuwa na dodoso. Tulimwomba kila mmoja atuonyeshe dawa zake zinapokaa na atusimulie jana ilivyokwenda tangu alipoamka.

Katika hao 14, aliyesema anasahau ni mmoja.

Mzee wa kwanza alinitolea vichupa vitatu. Dawa ni ile ile kwa jina, lakini vidonge vya kwanza vilikuwa vyeupe vya duara, vya pili vya rangi ya waridi, vya tatu vyeupe tena ila virefu. Alipoona rangi imebadilika aliamini dirisha la dawa limekosea, akaacha, na hakutaka kumwaibisha mtu kwa kuuliza. Mama mmoja anakunywa siku moja na kuruka siku moja ili vidonge vimfikishe tarehe ya kliniki, kwa sababu mara mbili alifika akaambiwa dawa zimekwisha. Watano waliniambia kwa maneno yanayokaribiana: najisikia vizuri, ya nini dawa? Wanakunywa kichwa kinapouma. Na simu ambazo namba zake tungeandikisha, tisa ni za watoto au wajukuu wanaoondoka nazo asubuhi.

Kwa hiyo nina mradi uliokubaliwa wa kutibu ugonjwa ambao wagonjwa wangu hawana. Mhazini anasema mkataba ni mkataba, tutume huo ujumbe 300, tuandike ripoti, halafu awamu ya pili turekebishe. Simlaumu, sahihi yake ipo pale. Lakini mimi nikikumbuka ile droo, siwezi.

Maswali yangu mawili. Kwanza, mfadhili nimwambie, na nimwambieje asione tulimdanganya? Pili, ratiba inaandikwaje kwa kazi ambayo hujui itaishia wapi? Waliotufundisha usanifu hawakugusa bajeti hata siku moja. Na kitabu changu cha usimamizi wa miradi kinaanza kana kwamba jibu limeshapatikana.

---

ChatiNaPenseli

Dada mratibu, nimesimamia miradi kwa miaka kumi na tisa na hali yako naijua. Nianze na swali la kwanza, kwa sababu lina jibu jepesi kuliko unavyodhani.

Lifungue lile jedwali la mantiki ya mradi mliloambatanisha kwenye andiko. Wafadhili wengi hulitaka. Lilibuniwa mwaka 1969 kwa ajili ya shirika la misaada la Marekani, USAID, na limezunguka dunia nzima tangu hapo. Lina ngazi nne. Juu kabisa lengo kuu, chini yake kusudi la mradi, kisha matokeo ya kazi, na chini kabisa shughuli. Pembeni kulia kuna safu ambayo watu huijaza mwisho wakiwa wamechoka: safu ya dhana, yaani mambo ambayo lazima yawe kweli ili ngazi ya chini iibebe ya juu. Nina hakika kwenye safu yenu hamkuandika "wazee wanaacha dawa kwa sababu wanasahau". Mliona ni jambo lililo wazi. Hilo ndilo lililovunjika, na si zaidi ya hilo.

Sasa tazama kisichovunjika. Lengo kuu lipo: viharusi vipungue. Kusudi lipo: wazee waendelee na dawa. Kinachobadilika ni ngazi mbili za chini. Mfadhili mzoefu akisoma barua inayosema "kusudi tuliloahidi linabaki, dhana moja tumeipima ikaanguka, tunaomba kubadili shughuli" anaona kikundi kinachofanya kazi. Akisoma ripoti ya mwezi wa kumi kwamba ujumbe 300 ulitumwa kwa wajukuu, ataona nini?

Andika ukurasa mmoja. Weka wale 14 bila majina, weka vile vichupa vitatu, weka zile simu tisa. Kitafute kipengele cha mkataba kinachohusu marekebisho na ukitaje kwa namba. Na ipeleke sasa, kabla hamjanunua mfumo. Barua hiyo hiyo ikipelekwa baada ya fedha kutumika inageuka kuwa ya kuomba radhi.

Swali la pili ni gumu zaidi, na naomba uvumilie historia kidogo. Henry Gantt alizieneza chati zake, zile za kuonyesha kila kazi na tarehe zake kwa mistari, mwanzoni mwa karne ya 20, viwandani. Mwaka 1958 jeshi la majini la Marekani likabuni mbinu ya PERT, ule mtandao wa kazi na muda wake, kwa ajili ya kombora la Polaris. Ni zana nzuri mno na naziheshimu. Lakini zilizaliwa mahali ambapo kombora likiruka linaonekana limeruka. Mwaka 1973 Horst Rittel na Melvin Webber, walimu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, waliandika kwamba matatizo ya jamii ni ya namna nyingine kabisa. Wakayataja mambo kumi. Nitakupa matatu, kwa sababu umekutana nayo ndani ya wiki mbili. Tatizo halina maelezo ya mwisho, bali jinsi unavyolieleza ndivyo unavyochagua suluhisho, kama nyinyi mlivyosema "kusahau" na mara moja simu ikatokea. Halina mahali pa kusema limekwisha. Na kila jaribio linaacha alama kwa watu halisi, huwezi kulifuta ukaanza upya.

Hilo la tatu lisome mara mbili. Ndiyo sababu tunajaribu kwa watu kumi na wawili kwanza, kabla ya mia tatu.

Kuhusu namna ya kuiandika ratiba nitarudi jioni, nina kikao.

---

NesiMstaafu

Mwanangu, pole na mama. Nimekaa kliniki ya presha na kisukari miaka mingi na hiyo droo nimeielewa kabla hujamaliza sentensi. Mzazi hamdanganyi mtoto wake kwa ubaya. Anamwondolea wasiwasi.

Ulichokikuta hakiko kwenu peke yenu. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2003 ikisema kwamba hata katika nchi tajiri, wagonjwa wa magonjwa ya kudumu wanaofuata dawa zao ipasavyo ni wastani wa asilimia 50 tu. Presha ina ugumu wake wa ziada: haiumi. Mwenye jino bovu hahitaji kukumbushwa. Huyu wa presha unamwomba ajitibu kitu asichokisikia, kila siku, maisha yake yote, na wakati mwingine vidonge ndivyo vinavyomletea kizunguzungu. Kwa hiyo wale watano wanaosema "najisikia vizuri" usiwahesabu kama wakaidi. Wanasema ukweli wa miili yao.

Kuhusu rangi za vidonge, mzee wako hakukosea kuogopa. Hospitali hununua kwa mtengenezaji huyu leo, kesho kwa mwingine, dawa ikiwa ile ile na umbo tofauti. Na sisi kwenye dirisha la dawa mstari ukiwa mrefu hatusemi. Niseme wazi kwamba mimi pia sikuwa nasema.

Sasa nikuonye. Katika majaribio yenu yote, msiguse dozi. Msimwambie mtu apunguze, aongeze wala aruke, hata kama inaonekana ni busara. Zipo dawa za presha ambazo ukizikata ghafla presha hupanda kwa kishindo kuliko ilivyokuwa mwanzo. Huyo mama anayeruka siku, jina lake lifike kwa daktari wake wiki hii, kwa ridhaa yake, msingoje mwezi wa mzunguko wa majaribio. Na zile karatasi za rangi mnazobandika ukutani mnapopanga mawazo zisiwe na jina la mgonjwa hata moja.

Jambo la mwisho. Mmeongea na walioacha. Nendeni pia kwa wasioacha. Miaka ya mwanzo ya 1990, Jerry Sternin wa Save the Children alipelekwa Vietnam kupunguza utapiamlo wa watoto, akiwa na fedha kidogo na miezi sita ya kuonyesha matokeo. Hakuleta chakula. Aliwauliza wanakijiji: katika kaya zilizo maskini sawasawa na wenzao, ni zipi ambazo watoto wao wana afya? Wakazipata. Akina mama wa kaya hizo walikuwa wakiokota kaa na kamba wadogo mashambani mwa mpunga na majani ya viazi vitamu, wakiwapa watoto milo midogo mara nyingi kwa siku. Vitu hivyo vilikuwa wazi kwa kila mtu. Mtafute mzee aliyekaa na dawa miaka sita bila kukosa, maskini kama wenzake, bila mjukuu wa kumkumbusha. Kaa naye.

---

FundiPampu

Naunga mkono wote wawili, ila niingize wasiwasi wangu mapema, maana naona kila mtu anazifurahia fikra za usanifu.

Nimefanya kazi za maji vijijini. Nitawatajia pampu ambayo wengi wenu mmeisikia, PlayPump. Ni bembea ya kuzunguka: watoto wanacheza, mzunguko wao unavuta maji hadi kwenye tangi, na kuta za tangi zinabeba matangazo ambayo fedha yake ingelipia matengenezo. Ilianzia Afrika Kusini. Mwaka 2000 ilipata tuzo ya Benki ya Dunia. Mwaka 2006 serikali ya Marekani na wafadhili wengine wakatangaza dola milioni 16.4, na lengo likawa pampu 4,000 kufikia mwaka 2010.

Wazo lile lilikuwa limetimiza kila kitu ambacho mafunzo ya siku mbili hukifundisha. Lilikuwa jipya, lilieleweka kwa picha moja, lilimfanya kila aliyeliona atabasamu. Kisha zikafika vijijini. Watoto walipokuwa shuleni, au wamechoka, akina mama walilazimika kuisukuma wenyewe ile bembea, na wengi waliona heri ya pampu yao ya mkono iliyokuwa imeng'olewa kupisha hiyo. Matangazo hayakuja kama ilivyotarajiwa. Ikiharibika, fundi wa kijiji hakuwa na uwezo wa kuitengeneza. Mwaka 2009 gazeti la The Guardian lilipiga hesabu kwamba ili pampu moja iwahudumie watu 2,500 kama ilivyokuwa ikitangazwa, watoto wangepaswa kucheza saa 27 kila siku. Mpango wa kuzisambaza ukasimama.

Hesabu ile ingeweza kufanywa kwa penseli kabla ya pampu ya kwanza kuchimbiwa: lita ngapi kwa saa, watu wangapi, saa ngapi. Nani ana spana, vipuri vinatoka wapi, simu ya kuripoti inapokelewa na nani. Hiyo ni kazi ya msimamizi wa mradi na haina mvuto wowote. Mbunifu anaona mtoto anayecheza, msimamizi anamwona mtoto huyo huyo saa nane mchana siku ya mvua.

Kwa hiyo dada, chochote mtakachokigundua, kabla hakijapendeza, kijibie swali moja: mwezi wa kumi na moja, fedha zikiwa zimekwisha na nyinyi mmeondoka, nani anakifanya, siku gani, na katika saa zipi za kazi yake ya sasa? Ukikosa jina la cheo la kuandika hapo, basi hamna suluhisho bado.

---

MratibuWaZamu

Nimesoma yote mara mbili na kumsomea mhazini kwa sauti. Aliponyamaza ni pale ChatiNaPenseli aliposema kusudi halijavunjika. Akasema, "Basi barua tuandike." Tumeianza.

Mama Nesi, yule mama wa kuruka siku nimempeleka mwenyewe leo asubuhi. Asante. Nilikuwa nimemwandika kama "ugunduzi", na nilipokusoma niliona aibu.

FundiPampu, jibu la swali lako sina. Nimeliandika juu ya meza yetu ya kazi.

Lakini bado nimekwama kwenye ratiba. Mfadhili atauliza, na ana haki: mwezi wa tatu mtakuwa mmefanya nini? Nikimwambia "tutakuwa tunajifunza" atanifukuza, na mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

---

ChatiNaPenseli

Nimerudi. Usiandike "tutakuwa tunajifunza". Andika "tutakuwa tumeamua".

Ratiba ya kawaida hupanga shughuli. Ya kwenu ipangeni kwa maamuzi. Tarehe iwe ngumu, fedha iwe ngumu, kilicho wazi kiwe jibu tu. Chukua miezi mitatu ya kwanza, ikate mizunguko mitatu ya wiki nne. Kila mzunguko uwe na swali moja, idadi ya wazee, kikomo cha fedha, na kanuni ya kuacha iliyoandikwa kabla ya kuanza. Mfano: "Je, mzee akionyeshwa kidonge kipya kando ya picha ya kile cha zamani, atarudi tarehe yake? Wazee 12. Wakirudi chini ya saba, tunaliacha wazo hili." Kanuni hiyo iandikeni mkiwa hamjalipenda wazo bado. Ukishakaa wiki tatu na jambo unalitafutia visingizio, nimeona watu wenye akili nyingi wakifanya hivyo, na mimi nikiwa miongoni mwao.

Watengeneza programu waliolitambua hili ni wengi. Mwaka 2001 watu 17 walikutana Utah, Marekani, wakaandika tamko lao la kufanya kazi kwa vipande vifupi na kuyakaribisha mabadiliko hata mwishoni. Lakini wao wakikosea wanafuta mistari ya programu. Nyinyi mna watu. Kwa hiyo vipande vyenu viwe vifupi na vidogo pia.

Kwenye ile miezi saba inayobaki andika mwezi wa nne "uamuzi wa kipi kikuzwe", na kuanzia hapo rudi kwenye chati ya Gantt bila haya. Watu wa usanifu huidharau, lakini kuchapisha kadi 300, kuwafundisha watoa dawa na kuzigawa ni kazi inayojulikana, na kazi inayojulikana inataka tarehe na mwenye jina. Baraza la Usanifu la Uingereza lina mchoro wake wa mwaka 2005, almasi mbili zilizogusana ncha: ya kwanza mnatanuka kulitafuta tatizo na kusinyaa kulifafanua, ya pili mnatanuka kutafuta jibu na kusinyaa kulikabidhi. Nyinyi mliandika andiko mkiwa mmeiruka almasi nzima ya kwanza. Sasa mmesimama pale ncha zinapogusana, na hapo ndipo andiko lilipopaswa kuandikwa.

Zoezi moja la kufanya na kikundi kizima, saa moja inatosha. Mwanasaikolojia Gary Klein alilieleza mwaka 2007. Jifanyeni mwezi wa kumi umeshapita na mradi umeshindwa vibaya. Kila mtu kimya, dakika tano, aandike kwa nini ulishindwa. Msiulize kama ungeweza kushindwa, semeni umeshashindwa. Anayeogopa kuonekana mkatishaji tamaa hupata ruhusa ya kusema anachokijua. Mhazini wako aanze kusoma.

---

MratibuWaZamu

Wiki saba zimepita, nimeona nirudi kuwaeleza.

Barua ilikwenda. Majibu yalichukua siku kumi na moja. Amekubali kubadili shughuli, ameibakiza idadi ya 300, na ameongeza sharti ambalo nimelipenda: tusihesabu waliopokea kitu, tuhesabu waliorudi kuchukua dawa ndani ya siku saba za tarehe yao. Takwimu hiyo ipo tayari kwenye daftari la dirisha la dawa, hatuhitaji kumuuliza mzee.

Zoezi la mradi uliokufa tulilifanya. Mhazini aliandika: "Ulishindwa kwa sababu mratibu alikuwa anamtibu mama yake." Chumba kilinyamaza. Ile karatasi ilikuwa ikitetemeka mikononi mwake. Tuliongea nje karibu saa nzima, na tulichokubaliana ni kwamba sitakuwa mimi ninayeamua wazo lipi liendelee. Kanuni iliyoandikwa itaamua, na yeye ndiye anayeitunza.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa rangi za vidonge. Mfano wetu wa majaribio ulikuwa kipande cha karatasi ngumu tu, kimekunjwa mara mbili, kidonge cha zamani kimechorwa upande mmoja kwa ukubwa wake halisi na kipya upande wa pili, na katikati maneno manne: dawa ni ile ile. Mtoa dawa anakikabidhi na kuyasema hayo maneno. Wazee walikuwa 12, kanuni yetu ilikuwa saba. Wamerudi tisa. Wawili hawakupewa kadi kwa sababu siku hiyo alikuwepo mtoa dawa mwingine ambaye hatukumweleza. Mmoja bado hatujampata.

Lakini kilichonishangaza hakikuwa kadi. Siku ya tatu mtoa dawa aliacha kutumia mchoro wetu. Alianza kumwomba mzee amwonyeshe kichupa alichokuja nacho, akavimimina vidonge viwili, cha zamani na kipya, kwenye kifuniko kimoja, akavisogeza mbele yake. Sekunde ishirini, alisema. Hachapishi kitu. Swali la FundiPampu likajijibu hapo: mwezi wa kumi na moja anayefanya ni mtoa dawa, kwenye foleni ile ile, ilimradi mzee aambiwe aje na kichupa. Tunabadili kadi. Sasa itasema hilo tu, njoo na vichupa vyako vyote.

Mzunguko wa pili tuliuacha wiki ya pili. Tuliomba kliniki ifunguliwe jioni moja kwa wiki ili wanaowasindikiza wazee wawe wametoka kazini. Ilifunguliwa jioni moja, nesi aliyejitolea akaugua, hapakuwa na wa kumbadili. Kanuni ilisema jioni mbili mfululizo. Nilitaka tujaribu tena. Mhazini akanionyesha karatasi.

Kwa wale wasioacha, tumewapata wanne, na watatu kati yao wana jambo linalofanana: dawa wanakunywa pamoja na mtu mwingine mwenye presha, mke, jirani, au ndugu. Mmoja akikawia, mwenzake anamgongea mlango. Huo ndio mzunguko wa tatu, jozi sita za wazee, unaanza Jumatatu.

Mama Nesi, kama bado upo, nina ombi. Katika jozi hizo itabidi tuwaulize siku walizoruka. Nikiuliza "je, unakunywa dawa kila siku?" najua nitajibiwa nini. Nilijibiwa hivyo kila asubuhi kwa mwaka mzima. Niulizeje?

---

NesiMstaafu

Nipo, mwanangu. Usiulize kama amekunywa. Mpe kwanza nafasi ya kutokunywa, halafu uliza idadi. Sema hivi: "Wengi wetu vidonge vya kila siku hutushinda siku nyingine. Katika siku saba zilizopita, zilikuwa ngapi ambazo havikunyweka?" Sema "havikunyweka", usiseme "hukunywa". Kisha nyamaza, hata kama kimya kinakuwa kirefu, na macho yako yawe kwenye daftari badala ya usoni mwake.

Akisema sifuri, mshukuru kama ungemshukuru aliyesema nne, na umwombe kichupa mhesabu pamoja.